Mwamvua Ndani ya Ua

Tangazo lilipita asubuhi likiwa limepakiwa kwenye bodaboda. Dereva alifunga kipaza sauti kwenye usukani kwa mpira wa baiskeli, na kila alipoingia shimoni sauti ilikatika, kwa hiyo watu wa mwanzo wa mtaa walisikia habari moja na wa mwisho wakasikia nyingine. Mwamvua alikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa makuti, anapepeta mchele wa kununua. Yeye aliyasikia yote, maana mwanamke aliye eda hana kazi kubwa kuliko kusikia.

"Wenye mashamba ya bondeni Kipoka! Jumatano asubuhi kukanyaga mipaka! Mwenye shamba aje mwenyewe, asitume mtu! Kisichokanyagwa ni cha kijiji! Asiyekuja asije akalaumu mtu!"

Ungo ukatulia mikononi. Mwamvua aliusikiliza mlio wa pikipiki ukielekea upande wa Chumbi mpaka ukamezwa na kelele za kuku.

Muhidini, mumewe, alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Presha ilimwangusha chooni akiwa mzima kabisa, ameshakula, ametania watu. Maiti haijatoka nyumbani, mdogo wake Mwinjuma alikuwa ameshafika kutoka Mtawanya na mzigo wa makuti kichwani. Hakulia mbele za watu. Alichimba mashimo, akasimamisha nguzo, akafuma makuti kuanzia pembe ya jiko, kuzunguka choo na mpapai, mpaka kurudi ukutani. Watu walimsifu. Walisema mjane wa Muhidini amefungiwa ua wa heshima, hata jongoo akitaka kuchungulia atafute pengine. Humo ndimo Mwamvua alimotakiwa kukaa miezi minne na siku kumi, bila marashi, bila wanja, bila kuonekana na mwanamume asiye maharimu wake.

Hakuuchukia ule ua. Kule kwao kila kitu cha thamani huzungushiwa kitu. Mpunga wa bondeni huzungushiwa miiba ili kiboko akwame, ng'ombe wana zizi lao, kifaranga ana tenga lake. Mwamvua mwenyewe alipovunja ungo aliwekwa ndani mwezi mzima, akatoka mweupe na mnene, akapigiwa ngoma. Aliona ni zamu nyingine tu ya kuwekwa ndani, isipokuwa safari hii hakuna atakayempigia ngoma, na aliyekuwa akimchekesha yuko chini ya udongo.

Lakini Kipoka ilikuwa habari nyingine. Shamba la Kipoka halikuwa la Muhidini. Lilikuwa lake yeye, alilipata kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Muhidini alilima humo kama mume wa mwenye shamba, na vijana walipomtania kwamba ameolewa, alicheka akasema ni kweli, na chakula anapewa. Shamba lile halikuwahi kuwa na karatasi. Desturi ya bondeni ni kwamba mwenye shamba hutangulia miguu peku, majirani wa pande zote humfuata nyuma, na pale anapokata kona nao wanakata. Akirudi alipoanzia bila mtu kukohoa, basi, mpaka umekubalika. Mwamvua aliukanyaga akiwa msichana, nyuma ya kisigino cha mama yake. Miguu yake iliujua mpaka ule kuliko kichwa chake.

Halafu yakaja mafuriko yale makubwa. Mto ulikula nyumba, ukala mikorosho, ukafukia mifereji, ukachimba mingine. Jirani yake mmoja wa shamba alihamia Mloka kwa wanawe, mwingine alikuwa mzee ambaye macho hayaoni tena. Ndiyo maana kamati ya kijiji ilitaka bonde zima likanyagwe upya mara moja, watu wapewe hati, na kitakachobaki kitafutiwe mtu wa kukilima. Mtu huyo alishapatikana, watu walisema. Alikuwa tajiri fulani, alikuja na gari lenye vioo vyeusi, akasimama barabarani akilitazama bonde, akaondoka bila kushuka.

*

Rukaiya alikuwa chumbani anakunja nguo za marehemu. Alikuwa dada mkubwa wa Muhidini, baba mmoja, mama mbalimbali, na tangu siku ya msiba alihamia hapo kumsimamia wifi yake eda. Hakuna aliyemtuma. Alilala mkeka mmoja na Mwamvua, alimpelekea maji ya kuoga, alimsugua mgongo, alimpikia uji aliposhindwa kula. Kwa wema, Rukaiya hakuwa na mpinzani. Kwa ukali pia.

"Wifi, umesikia tangazo?" Mwamvua alimwuliza kutoka mlangoni.

"Nimesikia."

"Jumatano nataka nitoke."

Rukaiya aliweka chini kanzu aliyokuwa anaikunja. "Utoke wende wapi?"

"Kipoka. Nakwenda, nakanyaga, narudi. Nitajifunika mpaka kope. Sitasema na mwanamume hata mmoja."

"Kamati yote wanaume. Utakanyaga mpaka kwa ishara, kama bubu?"

"Nitakwenda na mwanangu Shamsia, yeye ndiye atakayesema."

"Mwamvua." Rukaiya alipolitaja jina badala ya kusema wifi, mambo yalikuwa yameharibika. "Ndugu yangu hata udongo wake haujakauka. Watu watasemaje? Watasema mkewe kaona shamba bora kuliko yeye. Watasema alikuwa anasubiri afe."

"Watu hawatanilisha."

"Mimi nitakulisha."

"Kwa kitu gani, wifi? Kwa mihogo yako miwili ile?"

Lilimtoka kabla hajalipima. Rukaiya hakukasirika, na hilo likawa baya zaidi. Alikaa kitandani, akaiweka ile kanzu mapajani, akaanza kuikunjua na kuikunja tena.

"Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu," alisema. "Nilipofiwa na mume wangu, mama yangu alikuwa mgonjwa Ikwiriri. Hapo tu, Ikwiriri, si mbali. Mimi ndiye mtoto wake pekee. Walikuja kuniambia, mama yako anakuita. Nikasema niko eda. Wakaja tena, wakasema bado anakuita, usiku kucha Rukaiya, Rukaiya. Nikawauliza wazee wanawake, wakanambia mwenye eda hatoki, akitoka anamtia marehemu wake adhabu kaburini. Sikwenda. Wa tatu alipokuja hakusema kitu, alivua kofia tu. Mama yangu mzazi, Mwamvua. Na mimi nilikaa. Sasa wewe unataka kutoka kwa sababu ya mpunga?"

Mwamvua alisimama pale mlangoni na ungo wake kiunoni, akaona aibu ya kweli kwamba alithubutu kutaja shamba mbele ya mtu aliyetoa mama yake. Wala halikumjia wazo la kwenda kumwuliza Mwalimu Amri, ambaye madrasa yake ilikuwa nyuma ya nyumba ya tatu, na sauti za watoto wake wakisoma zilifika uani kila alasiri. Halikumjia Rukaiya wala mwanamke yeyote wa mtaa ule. Mambo ya eda ni ya wanawake. Mwanamke humfundisha mwanamke, chumbani, kwa sauti ya chini, na tangu zamani haijasikika mtu kuyapeleka barazani kwa wanaume.

"Basi nimwambie nani anikanyagie?" aliuliza mwishowe.

"Mwinjuma atakwenda," Rukaiya alisema, akajifuta macho kwa ukosi wa ile kanzu. "Ni mwanamume, ni shemeji yako, watamheshimu."

*

Mwinjuma alikuja Jumanne jioni, akakaa nje ya ua juu ya kinu kilichopinduliwa. Mwamvua alikaa ndani, na kati yao yalikuwepo makuti aliyoyafuma Mwinjuma mwenyewe. Kwa kuwa Rukaiya aliona si vizuri mwenye eda kumsemesha shemeji, Shamsia alisimama kwenye upenyo wa ua kupitisha maneno. Shamsia alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia na aliona jambo lile ni kichekesho, lakini alijikaza.

"Mwambie baba yako mdogo," Mwamvua alisema, "anaanzia kwenye kichuguu kikubwa."

"Baba mdogo, unaanzia kwenye kichuguu kikubwa."

"Nimesikia," Mwinjuma alisema. "Nasikia yote. Shemeji, kichuguu kipo bado?"

"Anauliza kama kichuguu kipo."

"Mwambie sijui. Tangu maji yaingie sijashuka. Kama hakipo aangalie udongo mwekundu."

Wakaendelea hivyo mpaka magharibi, maneno yakisemwa mara mbili kama katika mkutano wa wageni. Mwinjuma alikuwa mtu wa mashamba ya juu, mtu wa mihogo na korosho. Maisha yake yote mpunga aliujua ukiwa umeshaiva kwenye sahani. Aliuliza maswali ya mtu anayetaka kweli kutenda sawasawa. Mwamvua alifumba macho ili aone, akashuka na mpaka wake hatua kwa hatua, na alipofika chini akasema, "Atashuka mpaka kwenye kijito. Kijito ndiyo mwisho. Akifika majini akate kulia."

"Kijito ndiyo mwisho," Shamsia alirudia.

"Kijito ndiyo mwisho," Mwinjuma naye alisema, akahesabu kwa vidole. "Nimeshika, shemeji. Usiwe na wasiwasi. Nitakanyaga kama unavyokanyaga wewe."

Alikuwa na nia safi. Hata leo hakuna anayeweza kusema vinginevyo.

*

Siku ya Jumatano walirudi mapema, na Mwamvua aliposikia miguu yao nje alijua. Mtu mwenye habari njema huanza kusema akiwa mbali. Mwinjuma hakuja mpaka uani. Alikaa barazani mbele, akaomba maji. Shamsia aliingia peke yake, matope mpaka magotini, akakaa chini karibu na mama yake bila kunawa.

"Sema," Mwamvua alisema.

"Mwenyekiti aliuliza mwenye shamba yuko wapi. Baba mdogo akasema yuko eda, mimi ndiye ninayemkanyagia. Mwenyekiti Salumu akacheka, akasema, wewe Mwinjuma, tangu lini ukalima mpunga? Watu wote wakacheka. Lakini wakamwachia. Akavua viatu, akaanza."

"Kichuguu kipo?"

"Kipo nusu. Akaanza vizuri, mama. Akashuka, akashuka, tukafika kwenye kijito, akakata kulia."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Shamsia alimtazama mama yake. "Mama, kile si kijito chetu. Ni kipya. Maji ya mafuriko yamechimba mfereji katikati ya shamba, na una maji mpaka leo. Kijito chetu kiko kule chini. Baba mdogo alifika kwenye maji ya kwanza akakata. Mimi nikapiga kelele. Nikasema, baba mdogo, shamba linavuka, linakwenda mpaka kule kwenye matete! Yule karani wa kamati akaniambia, binti, wewe ni mwenye shamba? Nikasema la, ni la mama yangu. Akasema basi nyamaza, watu wazima wanakanyaga mpaka. Baba mdogo akasimama, akaangalia huku, akaangalia huku. Akaniuliza kwa sauti, una hakika? Mbele za watu! Nikaona macho yote yananitazama, mama, nikasema nadhani. Nikasema nadhani!" Hapo Shamsia akaanza kulia. "Mwenyekiti akasema hatukanyagi mipaka ya nadhani. Wakapigilia vigingi vyao palepale."

Mwamvua alishika goti la mwanawe lililokuwa na matope. Kipande walichobakiwa nacho kilikuwa kile cha juu cha kichanga, ambacho hata katika mwaka wa mvua mpunga huota kama nywele za mzee. Shamba lenyewe, lile jeusi linalokaa maji, lile lililomlisha yeye na mama yake na bibi yake, lilikuwa ng'ambo ya mfereji uliochimbwa na mafuriko, na halikuwa limekanyagwa na mtu. Kosa lilikuwa la nani? Alimtafuta mtu wa kumchukia, akaona kwanza kabisa ni yeye aliyesema kijito ndiyo mwisho. Laiti angekuwapo. Angefika kwenye yale maji mapya, angepandisha kanga, angevuka, wala asingefikiri mara mbili.

Nje barazani Mwinjuma alirudisha kikombe bila kunywa.

*

Wiki chache baadaye lori lilipita likielekea bondeni. Mwamvua aliliona kupitia penye kuti lililolegea: nguzo za zege juu ya nguzo za zege, na marobota ya seng'enge yaking'aa mapya. Siku ile ile alimtuma Shamsia kwa mwenyekiti kuomba kamati irudi, mpaka ukanyagwe tena. Mwenyekiti alijibu kwa adabu kabisa kwamba anaelewa, anampa pole sana kwa msiba, na kwamba mama akishatoka eda aje ofisini mwenyewe wazungumze. Shamsia akamwuliza, na hizo nguzo je, nazo zitasubiri mama atoke eda? Kwa swali hilo aliambiwa hana malezi.

Mchana wake Mwamvua alivaa. Hakumwambia mtu. Alijifunga shuka juu ya shuka, akajitanda ushungi, akachukua fimbo, akaenda kwenye upenyo wa ua. Alishaweka mguu mmoja nje. Jua la barabarani lilimpiga machoni, akaona mbuzi wa jirani, akaona vumbi, akaona dunia ilivyokuwa ikiendelea bila yeye.

Rukaiya alikuwa amekaa nje ya upenyo anamenya mihogo. Alimtazama kuanzia fimbo mpaka ushungi, wala hakusimama kumzuia. Aliweka kisu chini.

"Nenda," alisema. "Mimi sina nguvu za kukushika. Lakini mimi nilikuwa nakaa hapa kwa ajili ya Muhidini. Nilikuwa nafikiri, ndugu yangu alipokuwa hai sikumfanyia kitu kikubwa, sasa angalau alale vizuri. Nikafikiri mkewe naye anamtakia hivyo." Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, hakuyafuta. "Nenda, Mwamvua. Allah ndiye anayejua."

Angemtukana, Mwamvua angekwenda. Angemkamata kwa nguvu, angejitoa mikononi mwake akaenda. Lakini Mwamvua alimpenda Muhidini. Na usiku baada ya usiku, juu ya mkeka, alimwona chini ya udongo amelala ubavu, anasubiri kuona mkewe atamfanyia nini. Mguu uliokuwa nje ukarudi ndani. Alivua shuka ya juu, akaikunja, akaja kukaa karibu na Rukaiya upande wa pili wa makuti, wakalia wote wawili, kila mmoja na lake.

*

Siku ya kutoka eda walimwogesha, wakamvika kanga mpya, wakamtia udi. Mwinjuma aling'oa ua kwa mikono yake, nguzo baada ya nguzo, na uwanja wa nyuma ukawa mkubwa ghafla, na mtupu. Ikasomwa dua, ikaliwa pilau. Waliokuja hawakuwa wengi. Mwenyekiti Salumu alikuja. Alikaa mkeka wa wanaume karibu na Mwalimu Amri, akala, akaongezwa, akala.

Mwamvua alikwenda kuwaamkia wageni, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya kwanza na wanaume tangu msiba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Allah akupe subira. Na mwaka huu Kipoka unaanza kupanda lini? Mvua hizi zisikupite."

Mwalimu aliuliza kwa wema tu, kama mtu anavyouliza watoto hawajambo. Mwamvua akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama sahani.

"Sina Kipoka, mwalimu. Siku ya kukanyaga mpaka nilikuwa eda. Kipande kikubwa kimehesabiwa cha kijiji, wamekizungushia seng'enge."

"Tungekusikiliza, bibie," mwenyekiti alisema. "Wallahi tungekusikiliza. Ungekuja mwenyewe ukasimama pale, nani angekubishia? Lakini hukuja. Sasa mkataba umeshasainiwa, ni wa miaka mingi, mimi nifanye nini? Labda nikuombee kibarua cha kupalilia humo ndani. Wanatafuta kina mama wenye uzoefu."

Mwalimu Amri alikuwa ameacha kula.

"Hukwenda kwa nini?" aliuliza.

"Nilikuwa eda, mwalimu."

"Nimesikia. Nauliza kilichokuzuia kwenda."

Rukaiya alikuwa mlangoni na jagi la maji ya kunawa.

"Mwenye eda halali nje ya nyumba yake," Mwalimu alisema taratibu, "hajipambi, haposwi. Hayo ni kweli. Lakini mchana, akiwa na haja, anatoka. Ana mali yake inapotea, ana mgonjwa wake, ana riziki ya kutafuta. Anatoka, anatimiza haja yake, anarudi kulala kwake. Hana dhambi, wala maiti hapati adhabu. Hivyo ndivyo nilivyosomeshwa na hivyo ndivyo ninavyosomesha. Mngeniuliza! Mimi niko hapo nyuma tu. Kwa nini hamkuniuliza?"

Shamsia alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyaga mwiba, akakimbilia jikoni. Mwinjuma aliinamisha kichwa mpaka kofia ikamwanguka. Katika miezi yote ile ya uani Mwamvua alijitungia maneno ya kumwambia Rukaiya siku atakapotoka. Aliyapanga, akayanoa, akayakariri. Sasa alikuwa amepewa ushahidi juu yake, na mashahidi wamekaa mkekani. Akageuka.

Rukaiya hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama Mwalimu.

"Hata mgonjwa?" aliuliza.

"Nini, bibie?"

"Umesema ana mgonjwa wake. Hata kama mgonjwa mwenyewe ni mama yake? Yuko Ikwiriri, anamwita. Anatoka?"

"Anatoka," Mwalimu alisema. Alikuwa bado hajajua anazungumza na nani. "Mzazi tena! Anakwenda mchana, anamwona mama yake, anarudi."

Jagi lilikuwa limejaa. Rukaiya aliliweka chini kwa uangalifu, bila kumwaga tone, kisha naye akakaa chini pale pale kizingitini, miguu imenyooka mbele kama mtoto mdogo. Hakupiga yowe. Alisema tu, "Alikuwa ananiita," akasema tena, "alikuwa ananiita usiku kucha," na wanaume waliokuwa mkekani wakaanza kuinuka mmoja mmoja, kila mtu akitafuta viatu vyake bila kutazama mlangoni.

Mwamvua alisimama juu yake. Yale maneno yote yalikuwa bado yapo kinywani. Alijua kwamba akiyasema hatakuwa na kosa, na kwamba hakuna mtu pale ambaye angemlaumu. Lakini ungemwambia nini mtu kama yule? Yeye alikuwa amepoteza shamba, na shamba angalau liko pale pale, lina nguzo, lina mwenyewe mpya, linaonekana kwa macho. Aliingia chumbani, akatoka na ushungi wake na viatu vya Rukaiya.

"Leo nilikuwa niende Kipoka," alisema. "Nilisema nikitoka tu, kitu cha kwanza nakwenda kuliona."

Rukaiya aliinua uso. "Nitakwenda nawe, wifi. Wakitaka kunipiga wanipige. Nitawaambia wote ni mimi niliyekuzuia."

"Watakucheka tu. Shamba langu sasa halina pa kwenda, limeshafungwa. Nitalikuta kesho." Alichuchumaa, akaviweka vile viatu mbele ya miguu ya wifi yake. "Sijakusamehe, Rukaiya. Usije ukadhani nimekusamehe, sijui hata kama nitaweza. Lakini vaa viatu, twende kwa mama yako."

Rukaiya alivaa. Ikabidi Mwamvua amfungie kamba za kiatu kimoja. Alipomwinua kwa kumshika kwapa alimwona mwepesi ajabu, kama mtu aliyekuwa anafunga tangu miaka ile. Walitoka kwa mlango wa mbele, wakapita mkekani ambapo mwenyekiti alikuwa bado anasukutua, wakashika njia ya barabara kuu bila kuaga mtu.

Walipofika kituoni Rukaiya alisimama.

"Kaburi silijui," alisema. "Nilionyeshwa kwa kidole tu, kutoka barabarani, na mvua zilikuwa zimeshalilalia. Hata aliyenionyesha amekufa."

"Tutauliza," Mwamvua alisema.